Maswali ya wasomaji: Foglaiti zangu hafifu, niweke balbu kali zaidi?

Tuligusia kidogo habari za taa za mbele kwenye toleo lililopita, basi maswali yakamiminika, na karibu yote yanataka kitu kimoja: foglaiti ziwake zaidi na mtu afunge mwenyewe nyumbani. Haya, leo ni foglaiti tu, zile taa ndogo za ukungu zinazokaa chini kwenye bampa. Marefu nimeyafupisha, na yaliyofanana nimechukua moja.

Habari fundi. Gari langu dogo lina foglaiti za kiwandani, balbu ni aina ya H11. Zinawaka ila hafifu mno, ukungu ukishuka ni kama hazipo. Nimeona balbu za wati 100 zenye kitako kile kile, zinaingia bila kukata kitu. Nafunga tu au kuna la kuangalia? – Dereva wa Usiku

Salama ndugu yangu. Usifunge kwanza.

Tuelewane foglaiti ni ya kazi gani, maana hapa ndo wengi wanapotea njia. Haikutengenezwa ikuoneshe mbali. Inakaa chini, kanuni za kimataifa zinataka isipungue sentimita 25 kutoka ardhini na kwa gari dogo isizidi 80, na inamwaga mwanga mpana, bapa, uliokatwa kabisa upande wa juu ili usiuwashe ule ukungu ulio usawa wa macho yako. Inakuonesha kingo za barabara na mstari, mita chache mbele ya bampa, basi. Ukiisubiri ifanye kazi ya fuli, yaani taa kubwa za kumulika mbali, utabadilisha balbu mpaka uchoke. Tena kuna kitu watu hawakifikirii, ukiipaka barabara ya karibu mwanga mkali sana mboni ya jicho inajibana, kwa hiyo kule mbali ambako ndo hatari inakotokea unaona kidogo kuliko mwanzo, ila wewe moyoni unahisi unaona vizuri kwa sababu hapo mbele pameng'aa.

Sasa hiyo ya kwako huenda ni hafifu kweli, ila sababu yake si lazima iwe balbu. Anza na kuichomoa usome maandishi kwenye kitako. Usiamini ulichoambiwa ulipouziwa gari. H11, H8 na H16 zinafanana mno ukiziangalia kwa haraka, lakini H11 ni wati 55 na inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 1,350, H8 ni wati 35 inatoa kama 800, na H16 ni wati 19 tu, lumeni 500 hivi. Wapo wanaoendesha na H16 huku wakilalamika foglaiti za gari hili ni mbovu, kumbe ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Ya pili angalia lenzi. Foglaiti iko chini, inapigwa na kokoto na matope na mchanga kila siku, baada ya miaka kadhaa inakuwa imekwaruzika mpaka mwanga unatawanyika kabla haujatoka. Lenzi ya hivyo ukiiwekea balbu kali unazidisha mng'ao wa ovyo, huongezi kuona. Ioshe, kama ni plastiki iliyofifia isugue na dawa ya kung'arisha taa, kama imetobokatoboka na mawe nunua taa nzima mpya ya gari lako, na hii nakwambia ukweli ndo apgredi nzuri kuliko zote ingawa haina raha ya kuwaonesha washikaji.

Ya tatu volti, na hapa naomba utulie kidogo maana watu wanaruka. Balbu ya halojeni, yaani hizi za kawaida za filamenti (uzi mwembamba unaowaka) kama H11 yako, ina wivu sana na volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti mwanga unashuka karibu asilimia 30. Washa injini, washa foglaiti, chukua tesita ya kupima volti upime betri, kwa kawaida utakuta kati ya 13.8 na 14.4. Halafu pima nyuma ya soketi ya foglaiti balbu ikiwa inawaka, isiwe umeichomoa, maana ikichomolewa hakuna mzigo na tesita itakudanganya kila kitu kiko sawa. Tofauti ikizidi nusu volti kuna mahali umeme unapotelea. Weka ncha moja ya tesita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa taa, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi basi ethi imeshika kutu, fungua ile boliti pale kwenye bodi, sugua mpaka chuma kiwe cheupe, rudisha. Wengi balbu kali yao iko hapo hapo kwenye boliti ya ethi.

Ukishamaliza hayo ndo turudi kwenye wati 100. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa 12 unapata ampia 9 na ushee, fyuzi ya 15 inabeba bila shida. Mbili za 100 ni wati 200, karibu ampia 17. Fyuzi itakatika, na mtu atakuja na akili ya kuweka fyuzi ya 25. Hapo ndo naomba usifike. Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda balbu, inalinda waya, na waya wa kiwandani umepimwa kwa mzigo wa kiwandani. Ukiweka fyuzi kubwa kitakachoungua ni waya, swichi, au ile soketi ya plastiki, ukiichomoa siku moja utakuta imegeuka kahawia na imegandana na balbu. Najua utaniambia fundi mimi nitavuta waya mnene toka betri na kuweka rilei (swichi inayowashwa na umeme), sawa, hilo linatibu waya. Lakini haliitibu taa yenyewe. Chungulia kwenye lenzi, pale kwenye maandishi madogo yenye duara na herufi E, kama kuna PL maana yake lenzi ni plastiki. Joto la wati 100 ndani ya kikopo kidogo cha plastiki kilichopangiwa 55 au 35 linaikunja lenzi na kuunguza ile rangi ya fedha ya reflekta, yaani kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga mbele, na reflekta ikishaungua huna taa tena, hata urudishe balbu ya zamani.

Kwa hiyo, kama kitako kimesoma H11 kweli, nunua jozi mpya ya H11 za wati 55 za kampuni ya kueleweka. Balbu iliyotumika muda mrefu hupungua nguvu polepole bila wewe kugundua, ndo maana nakwambia jozi. Zipo zile zinazoandikwa zinawaka zaidi kwa asilimia kadhaa, ni wati zile zile ila filamenti imebanwa zaidi, zinafanya kazi kweli kiasi fulani, ila zinakufa mapema. Zile zenye kioo cha bluu achana nazo, ile rangi inachuja mwanga, unalipia zaidi upate kidogo.

Fundi, nimeona LED za foglaiti zimeandikwa lumeni 20,000 kwa jozi na zinakula wati 30 tu. Si ndo jibu la kila kitu? – Mpenda Taa

Tufanye hesabu ndugu yangu, haihitaji shule. 20,000 gawa kwa 30 ni kama lumeni 667 kwa kila wati. Kikomo cha maumbile yenyewe, yaani chanzo kikamilifu kisichopoteza hata chembe, na mwanga uwe wa kijani kile ambacho jicho linakiona vizuri kuliko rangi zote, ni 683 kwa wati. Kwa hiyo hizo balbu ama zinakaribia ukamilifu wa Mungu na zingewaka kijani, ama aliyechapa boksi ana mkono mwepesi wa sifuri. LED nzuri nyeupe za magari ziko kwenye lumeni mia moja na kidogo kwa wati, na zikishapata moto zinashuka zaidi. Zile namba za boksi mara nyingi ni za chipu ikiwa baridi, tena kwa hesabu ya karatasi. Ukitaka kujua ukweli washa dakika 15 au 20, pima ampia, zidisha kwa volti, utaona wati halisi.

Ila tuseme umepata LED nzuri, ya kweli. Bado kuna swali kubwa kuliko lumeni, nalo ni mwanga unaanzia wapi. Reflekta ya foglaiti ya halojeni imechongwa ikitegemea filamenti moja nyembamba, imekaa mahali fulani hasa, ikitofautiana hata milimita moja mwanga unahama. Chukua ile kurunzi ambayo ukizungusha kichwa duara linapanuka na kukaza, kilichobadilika pale si nguvu ya mwanga, ni umbali tu kati ya balbu na kioo. Sasa LED haina filamenti, ina vibao viwili vya chipu vimebandikwa mgongo kwa mgongo, na katikati kuna chuma cha kupoozea. Chuma kikiwa kinene chipu zinakaa mbali na pale filamenti ilipokuwa, na hapo ndo unapata ule mwanga unaopanda juu ya miti na kumpofusha anayekuja.

Ukilazimika kununua tafuta ile yenye kibao chembamba kabisa, chipu ndogo zenye urefu sawa na filamenti ya balbu uliyotoa, na kitako kinachoweza kuzungushwa ili chipu ziangalie kushoto na kulia, yaani saa tatu na saa tisa za kwenye uso wa saa ya ukutani, zisiangalie juu na chini. Zenye chipu pande nne, sita, zimejaa kama punje za hindi, hizo weka kwenye taa ya stoo.

Halafu sheria. Nchi nyingi taa inaidhinishwa pamoja na aina yake ya balbu, ukibadilisha halojeni kuwa LED kibali kinakufa hata kama inawaka vizuri. Ujerumani walilegeza mwaka 2020, balbu ya LED ya kampuni ya Osram aina ya H7, ya taa kubwa za mbele, ikaruhusiwa barabarani, lakini kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha tu, kila modeli imepimwa na taa yake. Yaani hata kule ambako wamekubali, hawajasema weka popote. Kwa hiyo uliza sheria ya kwako na bima yako pia. Na wale walioniuliza kuhusu zenoni kwenye foglaiti, ile inayowashwa na kiboksi kinachopiga zaidi ya volti 20,000 mara ya kwanza, jibu ni hapana, kwa kikopo cha halojeni hiyo ni mwanga wa kutawanya tu.

Mimi na shemeji yangu tunabishana. Yeye anasema njano inapenya ukungu, mimi nasema nyeupe ina nguvu zaidi. Utuamue. – Mbishi wa Zamu

Shemeji kakosea sababu ila hayuko mbali sana na ukweli, we umepatia kidogo. Matone ya ukungu ni makubwa mno ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawasawa, hakuna rangi inayopenya kwa ujanja. Anga linakuwa la bluu kwa sababu chembe za hewa ni ndogo sana, ukungu wenyewe ni mweupe, na huo weupe ndo ushahidi kwamba haubagui rangi.

Njano inasaidia kwa upande wa macho. Ukiondoa bluu kwenye mwanga ule mng'ao unaorudi kutoka kwenye mvua na ukungu unapungua kukera, macho yanachoka polepole zaidi. Na njano ya kuchuja lazima itakula mwanga kidogo, hapo ndo ulipopatia. Kanuni za kimataifa zinakubali rangi zote mbili kwa foglaiti za mbele, nyeupe na njano. Ufaransa walilazimisha hata taa kubwa za mbele ziwe za njano tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1993, wakaziacha, na watu wakaendelea kuendesha tu.

Mi nikiambiwa nichague, njano ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu) 3,000 kwenye foglaiti au nyeupe ya kawaida ya halojeni, ambayo iko kwenye 3,200 hivi. Kelvini 6,000 kwenda juu kwenye ukungu ni kujitesa. Mmalize ubishi.

Shikamoo fundi. Nimeshanunua balbu, ni halojeni za saizi ile ile kama ulivyowahi kushauri. Nina bisibisi na spana za kawaida tu. Naogopa kufungua bampa, naweza kufunga mwenyewe? – Mama wa Watatu

Marahaba mama. Mara nyingi bampa haiguswi hata kidogo. Magari mengi foglaiti inafikiwa kwa njia moja kati ya tatu: kupitia ile plastiki ya ndani ya madigadi mbele ya tairi, kutokea chini ukiondoa kava, au kwa mbele ukichomoa urembo unaozunguka taa. Kitabu cha gari kitakwambia, na kama huna, piga magoti uchungulie.

Tuchukue ya madigadi maana ndo inayosumbua. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama taa ilikuwa inawaka acha ipoe, kioo cha halojeni kinapita nyuzi 250 za joto. Halafu kata usukani upande ulio kinyume na taa unayofanyia kazi, taa ya kushoto unakata kulia, ili mbele ya tairi pafunguke. Huhitaji jeki hapo. Na kama gari lako linataka uingie chini, usiingie kwa kutegemea jeki peke yake, weka stendi.

Sasa osha zile klipu kwanza. Watu wanalikimbia hili halafu wanavunja klipu tano. Matope yaliyokauka yamezishika, mwagia maji, piga brashi, ndo uweke bisibisi bapa chini ya kile kichwa kidogo cha katikati ukinyanyue, kikitoka kidogo klipu nzima inafuata. Aina nyingine kile cha katikati kinasukumwa ndani badala ya kuvutwa, ukiona hakinyanyuki jaribu kukibonyeza. Hulazimiki kutoa plastiki nzima, fungua upande wa mbele tu uikunje, mkono upite. Utapapasa nyuma ya taa ugundue waya unaingia kwenye soketi. Pale juu ya soketi kuna kiulimi, kibonyeze huku unavuta soketi yenyewe. Usivute waya. Kama kimekaza kisukume kwanza kwa ndani kidogo halafu ubonyeze, huwa kinaachia.

Balbu zungusha kinyume na saa, robo mzunguko, inatoka. Taa za zamani za H3 au H1 hazizungushwi, zina springi ya waya unaibonyeza na kuipeleka pembeni, iangalie imekaaje kabla hujaitoa. Tazama kile kimpira cha duara kwenye kitako, kama cha zamani kimekatika ni lazima kipya kiwepo kwenye balbu mpya, ndicho kinachozuia maji.

Balbu mpya ishike kitako tu. Ukigusa kioo mafuta ya kidole yanabaki, yakipata moto yanaunguza pale pale na kioo kinaweza kupasuka au balbu ikafa mapema, kwa hiyo ukiteleza futa na spiriti na kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Masikio matatu ya kitako hayalingani, itaingia kwa namna moja tu, na kama haiingii usitumie nguvu na usikate sikio na kisu kama mafundi wengine, inamaanisha balbu si ya hapo. Zungusha kufuata saa mpaka ijifunge, rudisha soketi mpaka usikie kakilio kadogo.

Washa kabla hujafunga plastiki! Halafu fanya upande mmoja kwanza, subiri giza, simama mbele ya ukuta, linganisha upande mpya na wa zamani. Tofauti utaiona mwenyewe na ukuta hauna biashara na mtu.

Nimefunga LED, ila taa ya onyo imewaka kwenye dashibodi na balbu zinacheza cheza, wakati mwingine hata nikizima zinamulika hafifu. Gari bovu au balbu? – Foglaiti za Disko

Gari ni zima, na balbu huenda ni nzima pia, ila hazielewani. Magari ya siku hizi kompyuta inapima balbu kwa kuangalia inakula umeme kiasi gani, ilizoea wati 55, sasa inaona 20, inaamua balbu imekufa. Halafu mengine hayapeleki umeme mfululizo, yanaukatakata haraka haraka, filamenti haijali kwa sababu inabaki na moto wake, LED inazima na kuwaka kila ukikatwa. Na ile ya kumulika umezima ni kompyuta inatuma vijiumeme vya kupima.

Kuna viboksi vya kuweka katikati vinatuliza umeme, jaribu hivyo kwanza. Zipo rizista pia, zile za rangi ya dhahabu za omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zinakula umeme makusudi ili kompyuta iridhike. Angalia mahali pa kuifunga, kwa volti 13.5 inakula ampia 2 na robo, ni wati 30 za joto tupu, ukiifungia kwenye plastiki au kuibana na waya mwingine kwa utepe inayeyusha. Ifunge kwenye chuma cha bodi. Na ujiulize, ulitaka LED ipunguze mzigo, sasa umeongeza kifaa cha kuchoma umeme ule ule ulioukwepa.

Kama upande mmoja hauwaki kabisa geuza soketi, LED inajali pozitivu na negativu, halojeni haikujali.

Nikiwasha foglaiti za LED redio inaanza kukoroma. – Msikilizaji

Ni kile kiboksi cha LED, kinakata umeme haraka sana na kikiwa cha bei rahisi hakina kinga, kinatangaza kelele hewani kama kituo kidogo cha redio. Kisogeze mbali na waya wa antena, zungushia waya wake kwenye vile vipete vyeusi vya feraiti. Isipotulia rudisha dukani, hiyo balbu haikutengenezwa vizuri, hakuna namna nyingine.

Lori langu ni volti 24, balbu za 12 zinafaa? – Mzee wa Mizigo

Hapana mzee, zitawaka sekunde moja kwa fahari kubwa halafu basi. Tafuta za volti 24, na utakuta H1, H3 au H11 za 24 ni wati 70. Na usizifunge mbili mbili kwa mfululizo ili kugawana volti, moja ikifa na mwenzie anazima, njiani tena usiku.

Baada ya kuweka balbu mpya ndani ya taa kuna ukungu! Foglaiti ya ukungu ina ukungu ndani. Nipake silikoni pande zote? – Aliyechekwa

Usipake popote bado. Taa inapumua, ikipata moto hewa inatoka, ikipoa inaingia, na ina kijitundu au kipande cha sponji nyuma kwa kazi hiyo. Mvuke mwembamba asubuhi unaoisha ukiwasha taa dakika kadhaa ni wa kawaida. Ukiziba kila mahali maji yaliyomo hayatoki tena.

Ukiona matone yanatembea au maji yamekaa chini kama kikombe, hapo kuna mlango. Kwa kuwa imeanza baada ya kubadilisha balbu mlango ni pale pale, kimpira hakikukaa au balbu haikuzungushwa mpaka mwisho. Kama ulifunga LED yenye feni kubwa nyuma mara nyingi kitako chake hakibani vizuri kama cha kiwandani. Na LED ina tabia nyingine, joto lake linatoka kwa nyuma, lenzi inabaki baridi, kwa hiyo ule mvuke ambao halojeni ingeukausha unabaki umekaa, na sehemu zenye theluji inaganda juu ya lenzi hivyo hivyo. Toa balbu, kausha, angalia kimpira, rudisha.

Nimefunga balbu kali, mimi naona safi kabisa, ila kila ninayepishana naye ananipigia fuli. Wivu au? – Nang'aa Mimi

Si wivu, unawapofusha. Ukiwa kwenye usukani huwezi kujua taa yako inafika wapi, inabidi ushuke.

Paki sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, tairi zina upepo sawa, gari lisiwe na mzigo. Pima urefu kutoka ardhini mpaka katikati ya foglaiti, uchore mstari wa urefu huo huo ukutani kwa chaki au utepe. Washa foglaiti peke yake. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya ule mstari, kiasi cha sentimita 10 hivi kwa umbali huo, ambayo ni asilimia 2 ya mteremko, kitabu cha gari kikitoa namba nyingine fuata hicho. Ukikuta ukingo uko juu tafuta skurubu ya kurekebisha, huwa iko pembeni au chini ya taa, nyingine unaifikia kwa kitundu kidogo kwenye bampa. Zungusha kidogo kidogo, ina kawaida ya kuwa na kutu, ikigoma ipulizie dawa ya kulainisha uende ukanywe maji, usiikamie maana ikikatika umenunua taa.

Lakini angalia na umbo la huo ukingo. Halojeni nzima kwenye foglaiti nzima inachora mstari mlalo karibu umenyooka, juu giza, chini mwanga. Ukiona hakuna mstari, kuna wingu la mwanga tu lililopanda mpaka dari, hakuna skurubu itakayotibu hilo. Ukiishusha utaangaza matairi yako mwenyewe na bado wingu litabaki juu. Hapo balbu haikuendana na taa.

Jingine, zizime ukungu ukiisha. Uingereza kwa mfano kipimo chao ni kuona chini ya mita 100 hivi, zaidi ya hapo foglaiti hairuhusiwi, na sehemu nyingi wana sheria inayofanana. Kwenye barabara iliyolowa usiku ule mwanga wa chini unadunda kwenye maji na kuingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja, hata kama umeupima vizuri ukutani. Jaribu wiki moja ziwe zimezimwa, wakiacha kukupigia fuli umeshapata jibu. Wakiendelea hata ukiwa umezizima, kapime taa zako kubwa.